Mini ya Zamani na Vioo vya Kuzungusha

Mwenye Mini ya miaka ya 1960 huanza kulalamika msimu wa joto. Vioo vya milango yake haviteremki. Vinasukumwa mbele na nyuma kwa kidole, na hata ukivisukuma mpaka mwisho, nusu ya dirisha hubaki imezibwa. Mvua ikinyesha, maji hutuama kwenye mfereji wa chini ambamo kioo hutelezea, nyoya lililotandikwa humo linaoza, na huko Uingereza, gari lilikozaliwa, mfereji huota ukoga wa kijani kabisa. Ndipo swali linapokuja: haiwezekani kuweka vioo vya kuzungusha kama magari mengine? Inawezekana. Ila wengi huagiza spea wakidhani wanabadilisha kioo, kumbe wanabadilisha mlango mzima, na pengine ubavu wa bodi pia.

Tuanze na sababu ya vioo vile kuwapo. Mgogoro wa Suez wa 1956 ulifanya petroli iwe ya mgao Uingereza, na kampuni ya BMC ikamtaka Alec Issigonis abuni gari dogo lisilo na kiu. Mini ilitoka 1959 ikiwa na urefu wa mita 3.05 tu, na watu wazima wanne walitakiwa waenee humo. Issigonis alitafuta nafasi hata ndani ya milango. Kioo kinachoteleza hakihitaji pa kuzamia, kwa hiyo mlango ukaachwa mtupu kwa ndani: bati la nje, fremu, basi. Kiwiko cha dereva kikapata pa kuingia, na chini yake ukawekwa mfuko mkubwa wa kutilia chochote. Wapenzi wa Mini husimulia kwamba mfuko huo ulipimwa utoshe chupa ya jini. Iwe kweli au soga, nimeona mifuko hiyo ikibeba jeki, viatu na kilo kadhaa za machungwa.

Ukiweka kioo cha kuzungusha, unakipa kioo nyumba ndani ya mlango. Mfuko unakwenda, na kiwiko kinarudi ndani kibanane na cha abiria. Hiyo ndiyo bei ya kwanza, na haimo kwenye orodha ya muuza spea.

Bei ya pili ni bawaba. Kiwanda chenyewe kilihamia vioo vya kuzungusha kwenye Mini ya toleo la tatu, mwaka 1969, na milango ya kuanzia hapo bado inapatikana, mipya na mitumba. Tatizo ni kwamba mwaka uleule bawaba zilifichwa ndani. Kwenye Mini ya zamani bawaba ziko nje, unaziona zimejitokeza ubavuni mbele ya mlango. Mlango wa 1969 hauna pa kushika kwenye bodi hiyo mpaka ukate ubavu na kuchomelea nguzo nyingine. Kazi hiyo hufanyika, lakini mtu anayeianza kwa ajili ya upepo tu ningemshauri anunue feni.

Waaustralia walilitatua jambo hili mapema zaidi. Mini zao za De Luxe zilipewa vioo vya kuzungusha tangu 1965, pamoja na kidirisha cha pembetatu mbele, huku bawaba zikibaki nje. Mlango wa aina hiyo ndio ninaoupendelea kwenye bodi ya zamani. Ni adimu, na nauli ya kuusafirisha inaweza kushinda bei yake.

Inabaki njia ya tatu, ambayo ndiyo mafundi wengi huiendea: kuchukua mlango uleule wenye bawaba za nje, kuuchomelea ukuta wa ndani na fremu ya dirisha kutoka mlango wa baada ya 1969, kisha kuuvalisha mashine ya kioo. Hapo ndipo subira inapohitajika.

Kabla ya kukata chochote, ning'iniza mlango sawasawa. Bawaba zilizolika humfanya fundi apime kila kitu juu ya mlango ulioinama, na vipimo hivyo vitakuwa vya uongo siku bawaba zitakapobadilishwa. Baada ya hapo shughulikia njia za kioo, ya mbele na ya nyuma. Umbali kati yake lazima uwe mmoja juu, katikati na chini. Zikibanana kidogo tu, kioo kitakwama. Zikipanuka, kitagongagonga barabarani.

Kipimo changu ni hiki: tia kioo bila mashine, kipandishe na kukishusha kwa vidole viwili. Kikipita bila kuinama, umefaulu. Kikikwama, usikimbilie grisi. Grisi hukamata vumbi, na vumbi ndani ya nyoya ni msasa, litakichora kioo kwa mistari ya juu hadi chini. Nyunyiza silikoni kavu kidogo, tena baada ya kunyoosha njia, si badala ya kuzinyoosha.

Sasa mashine. Mkono wa kuzungushia hugeuza gia ndogo, gia ndogo husukuma kipande cha gia kubwa chenye umbo la kipepeo cha mkononi, nacho huinua mkono mrefu wenye roda nchani. Roda hutembea ndani ya reli iliyoshikamana na ukingo wa chini wa kioo. Springi nzito husaidia kubeba uzito, na springi hiyo si ya kuchezea. Ukiifungua mashine ikiwa imejikaza, mkono huruka na kukata kidole. Funga mashine ili isukume karibu na katikati ya uzito wa kioo, la sivyo upande mmoja utatangulia na mwingine kung'ang'ania. Halafu shusha kioo mpaka chini kabisa uone kama kinagusa kitasa au fito zake. Toboa matundu ya kudumu baada ya hapo tu.

Kioo chenyewe kina sheria yake. Kioo cha mlango kwa kawaida kimekazwa kwa joto, na ukijaribu kukikata kinamwagika chote kama chumvi ya mawe. Umbo linakamilishwa kabla ya kukazwa. Kwa hiyo tengeneza kwanza kiolezo cha ubao mwembamba, kipitishe kwenye njia juu na chini mpaka kiridhishe, ndipo ukipeleke kwa mtengeneza vioo.

Jambo moja huwashangaza wenye magari: kioo cha kuzungusha huingiza maji mengi zaidi ndani ya mlango kuliko kile cha zamani. Maji hutiririka kwenye kioo na kuteremka nacho. Mipira ya kufutia pande zote mbili hupunguza, haizuii. Matundu ya chini ya mlango lazima yawe wazi, nailoni ibandikwe nyuma ya ubao wa ndani, na bati lipakwe nta ya kuzuia kutu kabla ya kufunikwa. Kwa anayeegesha gari karibu na bahari, Mombasa au Tanga, hili ni muhimu kuliko mashine yenyewe.

Gari likiwa la miaka ya mwanzo na bado na vitu vyake vya asili, mimi huwa nashauri vioo vya kuteleza vifufuliwe: njia mpya, nyoya jipya, vishikizo vipya. Vyote vinauzwa. Gari ambalo tayari limeshakatwakatwa, au la kazi za kila siku kwenye foleni, nalifanyia kazi hii bila kinyongo, mradi mwenyewe ahifadhi milango ya zamani.

Anza na mlango wa abiria, usiofunguliwa mara nyingi. Kabla ya kurudisha ubao wa ndani, mwagia kioo maji ya bomba kwa dakika chache na ulaze karatasi kavu sakafuni. Maji yatoke yote kwenye matundu ya chini. Karatasi ikilowa, nailoni imebanduka mahali, na ni rahisi kuipata sasa kuliko baada ya skrubu na vibanio vyote kurudi.