Je, Wajua? Wasukuma walichora ukutani

Je, wajua kwamba wacheza na nyoka wa Usukuma walichora nyoka, watu na wanyama kwenye kuta za ndani za nyumba walimofundishia wanafunzi wao? Mtafiti Hans Cory alichapisha kitabu kizima kuhusu michoro hiyo mwaka 1953.

Mzazi wa Mwanza anayependa sanaa ana pa kuanzia: Makumbusho ya Bujora, Kisesa, ambako banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Mwache mtoto alizunguke apendavyo.

Nyumbani, finyangeni ng'ombe. Udongo uchimbwe pakavu, si majini, maana kingo za Ziwa Victoria zina kichocho. Changanya na mchanga kidogo, anika kivulini. Jua kali huupasua.

Mtoto wa miaka 2 huchora mistari ya ovyo tu; duara huja karibu na miaka 3. Ustadi wa mkono huja kwa umri, kwa hiyo akifinyanga usimshike mkono, wala usimnyooshee pembe za ng'ombe wake. Finyanga wako kando yake, kwa bidii ya kweli, akuone ukifurahia. Jumamosi hii weka simu ndani, mketi pamoja.