Ngoma yako nzima, simu ndiyo inaibana sauti

Muuzaji wa Karagwe na Kyerwa, unauza ngoma au enanga kwa simu ya video? Mteja wa Dar akisikia mlio unakatika-katika, anaona unataka kumuuzia kopo. Kumbe programu hizi zimetengenezwa kwa maongezi. Zikisikia muziki zinadhani ni kelele, zinaufuta.

Kwenye Zoom, washa mpangilio wa sauti halisi kwa wanamuziki. Kwa kumwonyesha mteja tu, hiyo inatosha.

Je, upo Kayanga na mwanafunzi wako wa enanga yupo Nkwenda, mnataka kupiga pamoja? Gawanyeni kazi: picha ipite Zoom, sauti ipite SonoBus, programu ya bure ya kupigia muziki kwa mbali. Kila mmoja awe na simu mbili. Ile ya picha izimwe maiki na spika, la sivyo mtasikia mwangwi. Vaeni hedifoni za waya. Za Bluetooth zinachelewesha sauti.

Picha ikibaki nyuma, fuata sikio, si macho. Mtandao ukisuasua, pokezaneni kupiga.

Jaribu kwanza na jirani, ndipo umpigie mteja. Bando halirudi, na mteja aliyekata simu ni hivyo hivyo!