Maji ya Mtungini na Homa Inayokunja Watu

Sehemu ya Pili

Juma lililopita tuliishia ndani ya Ngome ya Yesu hapa Mombasa, Agosti 1697. Waomani walikuwa wameizingira tangu Machi ya mwaka uliotangulia, lakini Wareno waliokuwamo hawakumalizwa kwa mizinga. Walimalizwa na maradhi, hata kapteni wao akafa, na ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza na jamaa zake wachache, pamoja na wanaume Waafrika wasiotimia kumi na wanawake Waafrika wapatao 50. Barua za zama zile zilihesabu maiti tu. Hapakuwa na mtu wa kutoa damu na kuitazama.

Leo tutoke langoni mwa Ngome, tufuate Ndia Kuu, tuingie Kibokoni katika Mji wa Kale, tupige hodi nyumba yoyote. Ukishakaribishwa, tupa jicho uani na msalani. Utaona mapipa ya buluu, mitungi ya lita 20 imepangwa safu, ndoo zenye maji nusu, na birika la saruji lililojengwa tangu enzi za babu. Kila aliyekulia mji huu anajua sababu. Mfereji hutoa maji leo, kisha ukanyamaza siku nyingi. Maji ya Mombasa husafiri kutoka mbali, chemchemi za Mzima kule Tsavo na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na kisiwa hiki hakijapata kushiba. Basi watu huweka akiba, kama walivyoweka wale wa ndani ya Ngome, ambamo hadi leo lipo birika la kukingia maji ya mvua.

Katika akiba hiyo ndimo unamozaliwa ugonjwa wa makala ya leo: chikungunya, na mwenziwe kidingapopo, ambao hospitalini huitwa dengue.

Jina la kwanza limetoka kwa jirani zetu Wamakonde. Mwaka 1952 homa kali iliingia uwanda wa Makonde, upande wa Newala, kusini mwa Tanganyika. Watu walianguka kijiji baada ya kijiji. Homa ilipanda ghafla, viungo vikauma hata mgonjwa asiweze kunyoosha mgongo wala kukunjua vidole, na Wamakonde wakauita ugonjwa kwa kile walichokiona, yaani kitu kinachomkunja mtu. Daktari Marion Robinson, aliyekuwa katika hospitali ya misheni ya Lulindi, aliandika dalili zake kwa makini. Mtafiti W. H. R. Lumsden alikuja kutoka taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, akachunguza jinsi ulivyoenea. Mwenzao R. W. Ross akakitenga kirusi chenyewe kutoka katika damu ya wagonjwa.

Jambo ninalotaka msomaji alishike katika kazi ya Lumsden ni hili. Uwanda wa Makonde hauna maji ya kuonekana. Wanawake waliyafuata mbali, wakapanda nayo mlima, na tone lililofika nyumbani halikumwagwa ovyo. Lilikaa mtungini. Na mle mitungini, ndani ya nyumba, ndimo walimokutwa mbu wanaoeneza kirusi. Kwa hiyo tangu uchunguzi wa kwanza kabisa, zaidi ya miaka 70 iliyopita, ilikwisha kuonekana kwamba homa hii huandamana na uhaba wa maji.

Jina la pili nalo lina historia pwani yetu. Mwaka 1870 homa ya viungo iliikumba Unguja. Dakta James Christie, Mskoti aliyekuwa akitibu watu huko, alisikia wenyeji wakiiita kidinga pepo, na wazee wakamwambia kwamba iliwahi kupita mwaka 1823 kwa jina hilohilo. Wapo wataalamu wa lugha wanaoona kwamba neno dengue, linalotumika leo duniani kote, asili yake ni hilo neno la Kiswahili. Na wapo matabibu waliosoma upya maelezo ya Christie wakasema kuwa maumivu ya viungo yaliyodumu vile yanafanana zaidi na chikungunya. Mimi naona hoja yao ina nguvu. Homa hizi mbili hushika kwa namna moja, huletwa na mbu mmoja, na wazee wetu hawakuwa na sababu ya kuzitenganisha.

Sasa tuje karibu. Mwaka 2004 pwani ya Kenya ilipatwa na ukame. Katikati ya mwaka, watu wa Lamu walianza kuanguka. Kwanza ilidhaniwa ni malaria, lakini dawa za malaria hazikusaidia. Damu ilipopimwa ilikutwa na chikungunya. Oktoba watafiti walipima damu za wakazi 288 wa kisiwa hicho wakitafuta kingamwili, na robo tatu yao walikuwa wameambukizwa. Kwa makisio hayo, watu wapatao 13,500 walipatwa katika kisiwa kimoja, ndani ya miezi michache. Kabla mwaka haujaisha, homa ilikuwa imeshafika Mombasa. Mwaka uliofuata ikaingia Ngazija, kisha Réunion, ambako zaidi ya theluthi ya wakazi waliugua, na hatimaye India. Sehemu ya njia hiyo ni ileile ya majahazi yetu ya zamani.

Watu walishangaa: homa ya mbu itawezaje kushamiri wakati wa ukame? Aliyesoma habari za Newala hashangai. Mvua ikikosekana, visima hupungua, watu huongeza vyombo vya akiba na huacha kuvimwaga, maana nani atamwaga maji siku hizo? Na joto la ukame hukiharakishia kirusi kukomaa ndani ya mwili wa mbu.

Mbu mwenyewe ni Aedes aegypti. Ni mdogo, mweusi, ana madoa meupe miguuni. Tabia zake zinamtofautisha na mbu wa malaria karibu kwa kila jambo. Yule hupenda kuuma usiku. Huyu huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kuzama. Yule hutaga kwenye madimbwi ya nje; huyu hutaka maji safi ya nyumbani, penye kivuli. Tena haachi mayai yake majini. Huyagandisha kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, nayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi. Siku utakayojaza pipa maji yakayafikia, yanaanguliwa. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi. Ukuta wa pipa lazima usuguliwe kwa brashi. Na kwa joto la Mombasa, yai hugeuka mbu anayeruka kwa muda wa siku nane hadi kumi hivi, kwa hiyo anayesugua kila wiki humkata kabla hajaota mbawa.

Mei 2013, kidingapopo ilipoenea mjini, watafiti walipita nyumba kwa nyumba hapa Tudor, mwendo mfupi kutoka Mji wa Kale. Walipima watu 1,500 kutoka nyumba 701, na kama 13 katika kila mia walikuwa na dalili za maambukizi kwenye damu. Kati ya walioambukizwa wakapata homa, wakaenda kutafuta matibabu na kutajiwa ugonjwa wao, karibu wote walikuwa wameambiwa wana malaria. Hapa ndipo naumia, maana kosa hili nimelishuhudia.

Mwanzoni mwa 2018, chikungunya ilipoturudia, shangazi yangu alipandwa na homa usiku, alfajiri akashindwa kushika kata ya maji. Katika zahanati moja alipewa dawa ya malaria bila kutolewa hata tone la damu, pamoja na aspirini ya maumivu. Dawa ya malaria haikumsaidia kitu. Aspirini ingeweza kumdhuru, kwa sababu kama homa ile ingekuwa kidingapopo, ingemzidishia hatari ya kutoka damu. Mpaka ijulikane ni homa gani, mgonjwa apewe parasetamoli kwa kipimo chake, maji mengi, uji, madafu, na apumzike. Alale ndani ya chandarua hata mchana, hasa wiki ya kwanza, kwani siku hizo kirusi kimo damuni na mbu akimuuma atakipeleka kwa wengine wa nyumbani. Akipata maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, au damu kwenye fizi, apelekwe hospitali upesi, hata kama homa imeshuka. Kwa kidingapopo, hatari mara nyingi huja homa inapopoa. Na mama mjamzito aliyekaribia kujifungua alindwe na mbu kuliko wote, kwani Réunion ilionekana wazi kuwa akiugua siku za uzazi anaweza kumwambukiza mtoto.

Homa ya shangazi iliondoka kwa juma moja. Maumivu yalikaa naye hadi mwaka ukageuka. Vidole, viwiko vya mikono na vifundo vya miguu vilikakamaa kila asubuhi. Watu wa nyumbani, ambao hawakuuona ugonjwa wowote juu yake, walianza kunong'ona. Siku moja aliniambia: "Mwanangu, mimi si mvivu. Vidole ndivyo haviniitiki."

Msomaji, hilo ni jambo linalojulikana katika tiba. Wengi hupona kabisa, lakini wapo ambao viungo huwauma kwa miezi, wengine miaka, na wenye umri mkubwa au waliokuwa na baridi yabisi tangu awali ndio huumia zaidi. Mtu wa namna hii anahitaji kuuguzwa bado. Shangazi alisaidiwa na mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mambo madogo aliyoyafanya kila siku: kutia mikono katika maji ya uvuguvugu asubuhi, kufumba na kufumbua ngumi polepole, kuzungusha vifundo vya miguu akiwa ameketi, kutembea hatua chache barazani na kuziongeza kila juma. Kulala kitandani mchana kutwa hukakamaza viungo, na kurudia kazi nzito kwa ghafla huvichokonoa upya. Maumivu yakivuka miezi mitatu, arudi kwa daktari, kwani zipo dawa za viungo zinazohitaji kuangaliwa. Na ndugu zake wambebee ndoo bila kuguna.

Wanaogawa maji mjini wanao wajibu wao, nami nawaomba hadharani watangaze ratiba ya mgao na waifuate, ili watu wasilazimike kulimbikiza maji ya wiki tatu. Lakini mbu hatungoji hadi ratiba itoke. Ijumaa hii, kabla ya kwenda msikitini, tumia maji ya pipa yaliyobaki kuoshea ua, sugua ukuta wa ndani mpaka kwenye ukingo, jaza upya, kisha funika kwa mfuniko unaobana au kitambaa kilichokazwa kwa kamba. Fanya vivyo hivyo kwa birika, kwa sahani za chini ya maua, kwa matairi yaliyolala uani. Ukimaliza kwako, nenda kwa jirani mzee asiyeweza kuinama, umsugulie lake.