Matemwe na watoto: uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi

Likizo ya Juni ikikaribia, wazazi wengi wa Bara huulizia mambo mawili kuhusu Unguja: nauli ya boti na bei ya chumba. Kwa anayekwenda Matemwe na watoto kuna swali la tatu, na kwangu ndilo la kwanza: maji yanajaa saa ngapi?

Matemwe iko pwani ya kaskazini mashariki. Mbele yake kuna mwamba wa matumbawe, na ng'ambo ya mwamba kisiwa cha Mnemba. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ya Unguja hupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Siku hizo maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na ile bahari ya kwenye matangazo hugeuka uwanja wa mchanga, mashua zimelala ubavu. Hujaa tena kama saa kumi jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Tulikwenda watu wazima wawili na watoto watatu. Juni ni msimu wa Kusi, kwa hiyo boti ilitutikisa njia nzima kutoka Dar es Salaam. Mdogo, mwenye miaka minne, alimtapikia suruali baba mmoja tusiyemjua. Mungu ambariki, alicheka tu. Bandarini familia nyingine ikaondoka na begi letu, sisi tukabaki na lao: mashati ya shule na kanga mbili. Bahati nzuri mke wangu huandika namba ya simu ndani ya kila begi. Letu lilifika kesho yake kwa daladala namba 118, kondakta amelikalia.

Hayo ni ya kucheka. Siku ya tatu haikuwa hivyo.

Kijana mmoja alijitolea kututembeza hadi mwambani, maji yakiwa yamepwa. Tulimuuliza kuhusu muda, akasema upo tele. Watoto wakawa wanatazama viti vya pweza kwenye madimbwi, yeye anatazama simu. Mara mama mmoja aliyekuwa kwenye shamba lake la mwani akapaza sauti: "Nyie wenye watoto, rejeeni! Maji yashapita nyuma yenu!"

Tukageuka. Mchanga tulioupita mkavu sasa ulikuwa na maji ya magoti kwetu, ya kiuno kwa mdogo. Mgeni hukodolea macho bahari iliyo mbele yake, lakini maji hupenya kwenye mikondo na kujaza mabonde kwanza, na mabonde hayo mara nyingi yako kati yako na ufuko. Mke wangu akambeba mdogo, mimi nikamshika wa kati, yule mama akaacha mwani wake akamshika binti yetu mkubwa. Tulipofika upande wa pili maji yalikuwa kiunoni kwangu. Hakuna aliyezungumza.

Binti alikuwa amekanyaga wale viumbe weusi wenye miiba mirefu, mitano imekatikia kisiginoni. Yule mama akaagiza papai bichi, akapaka utomvu wake. "Usilie mwanangu, kesho itatoka." Minne ilitoka. Wa tano tuliupeleka hospitali ya Kivunge, na ni vizuri mzazi ajue mapema kuwa Kivunge si jirani na ufuko, inahitaji gari.

Kesho yake tulikuwa tumelipia boti ya kuzunguka Mnemba (kisiwani penyewe wageni wa siku hawashuki, ni pa hoteli binafsi). Jaketi za kuokolea zilikuwa za watu wazima tu. Nahodha akasema watoto wakae katikati. Tukakataa, wageni wengine wakatuona wasumbufu, na amana haikurudi. Nchi iliyozika watu wa Spice Islander Septemba 2011 na wa Skagit Julai 2012 haina haja ya mzazi anayeona haya kuuliza jaketi.

Watoto walinuna hadi alasiri. Saa kumi na moja bahari ilikuwa imejaa hadi kwenye minazi, na wote watatu walikuwa majini, mkubwa na yeboyebo mpya za duka la kijijini.