Siku Kitumbua Alipofika Mwezini

Paukwa!

Nani huyo kanyamaza kule nyuma? Paukwa!

Pakawa. Ahaa, sasa nimewasikia. Sogeeni jamvini, wanangu. Leo mjomba wenu ana kisa cha paka aliyefika mwezini bila kutoka uani.

Paka mwenyewe mnamjua. Ni Kitumbua, yule wa hudhurungi, mviringo kama jina lake. Hulala chini ya mwembe tangu asubuhi mpaka samaki wanukie jikoni. Siku moja mpwa wangu wa darasa la tano alimpiga picha kwa simu ya mama yake. Kitumbua hakuamka. Mtoto akaitazama ile picha, akaitazama tena, kisha akanijia mbio.

"Mjomba, nataka kumpeleka Kitumbua mwezini!"

"Una roketi?"

"Sina. Nina picha. Kuna shindano kwenye intaneti, mada yake ni mnyama wa nyumbani aliye mbali na nyumbani."

Mnalijua shindano la namna hiyo? Basi nisikilizeni. Ni kama watoto waliokaa duara barazani usiku, kila mmoja akipokezana kutunga hadithi. Mtu hutoa mada, au hutoa picha moja tu. Tuseme ni picha ya mbuzi aliyepanda juu ya meza. Kila anayetaka huichukua, huikata, huibandika, huipaka rangi, kisha huirudisha ikiwa kitu kingine kabisa. Mmoja amemfanya mbuzi awe nahodha wa jahazi. Mwingine amempunguza akawa mdogo kama punje ya mchele, juu ya sahani ya pilau. Mbuzi ni yuleyule, safari ndizo mbalimbali. Watu hutazama, hufurahi, hupiga kura.

"Na mshindi hupewa nini, mjomba?"

Mara nyingi hupewa sifa tu. Pengine huachiwa achague mada inayofuata.

"Sifa tu?"

Sifa tu. Hebu niambieni, ukitega kitendawili kikawashinda wenzako wote, wanakupa nini? Wanakupa mji! Mji wa maneno, hauna nyumba wala soko. Lakini nani kati yenu aliwahi kupewa mji akaukataa?

Uwanja mmoja wa michezo hii uliwahi kuvuma sana. Ulianzia Marekani mwaka 2002, mwanzilishi wake akiwa Avi Muchnick, nao uliitwa Worth1000. Ulidumu zaidi ya miaka kumi. Watu waliunganisha wanyama wawili wakapata mmoja. Walichukua michoro ya kale wakaingiza vitu vya leo. Lakini mada niliyoipenda mimi ilikuwa ya watu wasioonekana. Unachukua picha ya mtu aliyevaa shati, kofia na miwani. Unamfuta mtu, unaacha mavazi. Kofia inaelea. Miwani inaelea. Shati limekaa kitini peke yake.

"Hiyo rahisi, mjomba. Unafuta tu."

Unafuta tu? Haya, nitazame mimi. Shingo yangu inaficha nini? Inaficha ukosi wa shati kwa ndani, upande wa nyuma, pale kwenye lebo. Kamera haikupaona mahali pale. Basi ukiifuta shingo yangu, patabaki tundu. Nani atalijaza? Wewe! Itabidi ukichore kile kitambaa ambacho kamera haikukiona, na mikunjo yake, na giza lake la ndani, mpaka mtazamaji aamini kwamba angetia mkono angeugusa ukosi. Kwangu mimi, hapo ndipo fundi anapojulikana. Kufuta ni kazi ya dakika moja. Kuchora kilichokuwa nyuma ya ulichokifuta kunaweza kula jioni nzima.

Na Kitumbua mwenyewe? Kalala chini ya mwembe.

Mpwa wangu akauliza swali zuri. Nalipenda swali kama hili, kwa sababu wakubwa wengi wanaona aibu kuliuliza. "Mjomba, picha ya simu haishikiki. Inakatwaje bila mkasi?"

Nikamwonyesha jamvi tulilokalia. Ukisimama mlangoni unaona ua jekundu katikati. Ukiinama karibu, ua linapotea. Unaona miyaa tu: huu mwekundu, huu wa kijani, huu mweupe. Picha ya simu nayo imesukwa hivyohivyo. Ni vidoti vidogo vilivyopangwa mistari kwa mistari, kila kidoti na rangi yake. Vinaitwa pikseli. Mwaka 1957 huko Marekani, Russell Kirsch na wenzake waliiingiza picha ndani ya kompyuta kwa mara ya kwanza. Ilikuwa picha ya nani? Ya mwanawe mchanga, Walden, mtoto wa miezi mitatu! Picha ile ilikuwa na vidoti 176 kwenda upande na 176 kwenda chini. Zidisheni wenyewe. Mmepata 30,976? Hongereni. Simu ya mama yako ina mamilioni.

Basi kukata picha ni kuiambia programu: vidoti hivi ni paka, nipe. Hivi ni nyasi, viache.

Na kubandika je? Mnajua nailoni mnayofunikia madaftari? Weka nailoni juu ya picha ya mwezi. Chora paka juu ya nailoni. Paka anaonekana yuko mwezini, lakini mwezi wenyewe hukuugusa. Ukikosea, unavua nailoni, unaweka nyingine. Programu za kuhariri picha zina nailoni za namna hiyo, moja juu ya nyingine, nazo tunaziita matabaka. Ile programu maarufu, Photoshop, ilianzishwa na ndugu wawili, Thomas Knoll na John Knoll, ikaanza kuuzwa mwaka 1990. Matabaka iliyapata baadaye, mwaka 1994. Kabla ya hapo ukibandika umebandika, kama chapati iliyoshika kwenye chuma. Ipo pia GIMP, ambayo haiuzwi. Unaichukua bure. Hiyo ndiyo tuliyoitumia sisi.

Mwezi tukaupata kwa shirika la anga la Marekani, NASA, ambalo huruhusu picha zake nyingi zitumiwe bure. Mpwa wangu akachagua ile ya Julai 1969, Buzz Aldrin alipopiga picha ya unyayo wa kiatu chake kwenye vumbi la mwezi. Akamkata Kitumbua. Akambandika kando ya unyayo. Akarudi nyuma hatua mbili kutazama.

Uso ukamshuka. "Mjomba, mbona anaonekana kabandikwa?"

Swali jingine tamu! Nikamshika mkono nikampeleka kwenye kinu. "Kivuli cha kinu kiko upande gani?" Huku. "Na cha mpapai?" Huku. "Na cha mama yako anayeanika nguo?" Huku. Jua ni moja, basi vivuli vyote huelekea upande mmoja. Sasa mtazame Kitumbua kwenye picha. Kivuli chake kiko wapi? Hana. Alikuwa ndani ya kivuli cha mwembe.

Tena mwezini kuna jambo jingine. Hapa kwetu hewa ni kama pazia jepesi la dirishani. Inaupokea mwanga na kuutawanya kila pembe, ndiyo maana hata chini ya mwembe unasoma kitabu. Mwezini hakuna hewa. Pazia hakuna. Mbingu ni nyeusi hata mchana, na penye kivuli pana weusi mkali. Paka wa chini ya mwembe, mwenye mwanga laini kila upande, mwezini atatambulika mara moja kuwa mgeni.

"Kwa hiyo tumpige picha tena juani!"

Mwaona akili hiyo? Sikumwambia mimi, kalipata mwenyewe. Tukangoja kesho yake, saa mbili asubuhi, jua likiwa bado liko chini na vivuli ni virefu. Tukamvuta Kitumbua kwa dagaa mpaka katikati ya ua. Akala. Akajinyoosha. Tukampiga picha kumi na nne, akarudi chini ya mwembe.

Na nyayo zake je? Mtu aliacha unyayo mwezini, paka asiache? Hapo mpwa wangu akafanya jambo lililonishangaza. Alikwenda jikoni, akazoa majivu ya kuni, akayachekecha, akayatandaza kwenye sinia. Majivu ni ya kijivu kama vumbi la mwezi, na ni laini vilevile, yanashika alama. Akamtembeza Kitumbua juu yake. Kitumbua akalalamika kidogo, lakini nyayo nne zikabaki, nzuri, zimekatika kama zimechongwa. Akalizungusha sinia mpaka mwanga ukaingia kwenye nyayo zile kwa upande uleule unaoingia kwenye unyayo wa Aldrin. Akapiga. Dada yangu aliuliza nani kamwaga majivu uani. Mimi ndiye niliyefagia, na nilifagia kwa furaha.

Jioni ile ndipo swali kubwa lilipokuja. Mtoto alikuwa ameinama juu ya kompyuta, akanyanyua kichwa. "Mjomba, lakini Kitumbua hakufika mwezini. Si tunasema uongo?"

Njoo nikubusu kichwa, mwanangu. Hilo ni swali la kuulizwa kila siku.

Sikiliza. Tulipoketi hapa nilisema nini kwanza? Nilisema paukwa. Nanyi mkaitika nini? Pakawa. Ukisikia paukwa unajua kinachokuja ni hadithi. Sungura atasema, fisi atavaa kanzu, na hakuna atakayekwenda porini kumtafuta fisi mwenye kanzu. Wenyewe tunaikaribisha hadithi, na uongo wake tunaukaribisha pamoja nayo. Shindano la picha lina paukwa yake. Kila aliyeingia anajua humu tunacheza. Mashindano mengi humtaka mshiriki aonyeshe na picha za asili alizotumia. Mimi naziita picha mama. Mtoto yuko hapa, na mama yake huyu hapa kando.

Sasa nikupe kisa cha picha iliyotoka bila paukwa. Mwache papa mwenyewe aseme.

"Mimi ni papa mweupe. Kwetu ni False Bay, Afrika Kusini. Kule sili ni wengi, nami nikimfuata sili huruka mwili mzima nje ya maji. Siku moja niliruka, Charles Maxwell akanipiga picha. Basi. Nikarudi majini."

"Na mimi ni helikopta ya jeshi. Kwetu ni Marekani. Nilikuwa mazoezini mbele ya daraja la Golden Gate, San Francisco, mtu akipanda ngazi yangu ya kamba. Lance Cheung akanipiga picha. Basi. Nikarudi kambini."

Kati ya papa na helikopta palikuwa na zaidi ya kilomita 16,000. Hawakuwahi kuonana. Lakini mwaka 2001 picha yao ya pamoja ikaanza kusambaa: papa anaruka, mdomo wazi, kumdaka mtu wa kwenye ngazi. Imeunganishwa kwa ustadi, siwafichi. Ingekuwa shindanoni, ningeipigia kura. Ila ilisafiri kwa barua pepe bila picha mama, na juu yake pameandikwa kwamba ni picha bora ya mwaka ya jarida la National Geographic. Haikuwa. Jarida lenyewe lilibidi liwaeleze watu hivyo. Wengi walikwisha kuamini, wakawatumia ndugu zao, ndugu nao wakawatumia jirani zao.

"Kwa hiyo kosa halikuwa kukata na kubandika?"

Kosa halikuwa hapo. Papa alikatwa vizuri sana.

Mpwa wangu akanyamaza. Kisha akafanya kazi mpaka usiku, na mama yake akamwita mara tatu aje kula. Akamweka Kitumbua mwezini, kivuli cheusi kikimfuata nyuma. Akapanga nyayo nne za majivu kando ya unyayo wa Aldrin. Chini yake akaweka picha mama zote tatu: paka wa uani, sinia la majivu, mwezi wa NASA. Akatuma.

Alishinda? Hakushinda. Aliyeshinda alikuwa na kuku aliyesimama foleni ya kupanda ndege, na kuku yule alistahili. Lakini mtu mmoja wa mbali, asiyetujua, alimwandikia mpwa wangu kuuliza vumbi lile la nyayo alilipata wapi. Tena akaomba apewe zile nyayo zilizokatwa azitumie naye. Wachezaji wa michezo hii hugawiana vipande hivyo, kama jirani anavyokuja kuomba kaa la moto. Kaa ukilitoa, jiko lako halizimiki. Mtoto alizituma nyayo siku ileile, akaniambia mara kumi na mbili kwamba amezituma.

Na Kitumbua mwenyewe? Kalala chini ya mwembe.

Jana mada mpya imetoka: chombo cha jikoni kilichopata kazi mpya. Leo jioni nilitoka uani kukiondoa kinu njiani nisije nikajikwaa. Nikamkuta mpwa wangu amechutama ukutani, simu mkononi, ametulia kama mvuvi.

"Usikisogeze, mjomba," akaninong'oneza. "Nangoja kivuli chake kirefuke."