Raba ya Mbio: Pima Mguu Kabla ya Kusoma Lebo

Wilaya za Mbulu na Hanang nchini Tanzania hazijawahi kukosa wakimbiaji. John Stephen Akhwari, aliyefika wa mwisho katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 huku goti lake likiwa limefungwa bendeji, ni mtu wa Mbulu. Gidamis Shahanga, aliyetwaa dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, alizaliwa Katesh, Hanang. Kinachokosekana ni ushauri wa kiatu. Kijana wa Endagikot anayeanza mazoezi huenda mnadani, akainua raba na kuuliza mambo mawili: ni ya kampuni gani, na bei gani. Majibu yote mawili hayamwambii kama itamfaa.

Kwa miaka mingi, maduka makubwa ya ng'ambo yalitumia kipimo cha alama ya unyayo. Unalowesha mguu, unakanyaga sakafu. Alama ikijaa yote, una wayo bapa, basi unapewa kiatu kigumu upande wa ndani. Alama ikikatika katikati, uvungu wako ni mrefu, basi unapewa kiatu laini. Hoja ilikuwa kwamba mguu unaoinamia ndani lazima uzuiwe. Lakini kuinamia ndani kidogo wakati wa kutua ni jambo la kawaida. Ndivyo mguu unavyopunguza kishindo, ambacho katika kukimbia hufika mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili.

Jeshi la Marekani lilikijaribu kipimo hicho kwa maelfu ya askari wapya. Kundi moja lilipewa viatu kulingana na umbo la wayo, jingine likapewa kiatu cha aina moja bila kujali wayo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 na 2010 hayakuonyesha kwamba kundi la kwanza liliumia kidogo kuliko la pili. Mwenye wayo unaolalia ndani kupita kiasi anaweza kunufaika na kiatu kigumu upande wa ndani. Kwa wengine, alama ya unyayo si cheti cha daktari.

Vivyo hivyo na namna ya kutua. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya waliozoea kwenda peku hutua zaidi kwa sehemu ya mbele ya wayo. Wengi wakadhani huo ndio mwendo sahihi wa Mwafrika. Mwaka 2013 utafiti mwingine kwa Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, nao watembea peku, ukakuta kwamba wanapokimbia kwa kasi yao ya kawaida wengi wao hutanguliza kisigino. Kwa hiyo usijilazimishe kubadili mwendo ambao haukuumizi.

Kinachostahili kupimwa kwanza ni upana. Aliyekulia peku au kwenye katambuga mara nyingi ana vidole vilivyotanuka, ilhali raba nyingi huchongwa kwa mguu mwembamba zaidi. Simama juu ya karatasi jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, uchore kuuzunguka. Kisha weka kiatu juu ya mchoro. Mstari ukitokeza nje ya soli upande wa kidole kidogo, kiache, hata kama urefu unatosha. Kwa urefu, tazama namba ya sentimita kwenye lebo ya ndani na utafute inayozidi mguu wako kwa nusu sentimita hadi moja. Kwenye miteremko ya Mbulu nafasi hiyo ni muhimu sana: ukishuka mlima, vidole husukumwa mbele, na kiatu kilichobana huacha kucha nyeusi.

Raba nyingi za mnadani ni mtumba, na mtumba una historia yake. Iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma. Ikiinama upande mmoja, imeshakariri mwendo wa aliyeivaa na itakulazimisha kuufuata. Bonyeza kwa kidole gumba sponji iliyo kati ya soli ya nje na wayo: ikiwa ngumu au imejaa mikunjo mirefu, imekufa. Fundi viatu anaweza kushona kingo na kubandika soli, lakini hawezi kuifufua sponji. Kunja kiatu: kinatakiwa kupinda pale vidole vinapoanzia, si katikati. Mwisho, toa soli ya ndani. Ikiwa na mashimo ya vidole vya mtu mwingine, weka mpya.

Kisha fikiria njia. Udongo mwekundu wa masika unataka soli yenye meno. Lami inataka soli tambarare. Viatu virefu vya sponji nene vyenye bamba la kaboni, ambavyo tangu mwaka 2020 Shirikisho la Riadha Duniani limeviwekea kikomo cha milimita 40 za soli katika mbio za barabarani, vimetengenezwa kwa kasi ya lami. Kwenye mawe na mifereji ya mvua, urefu huo huongeza hatari ya kuteguka kifundo. Uzito nao una gharama: kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kila kiatu huongeza nguvu unayotumia kwa takriban asilimia moja.

Kipimo cha mwisho ni kukimbia. Mwombe muuzaji ruhusa ya kuzunguka mara chache ukiwa umevaa soksi zako za mazoezi. Wataalamu wa mwendo wanashauri kuchagua kiatu kinachostarehesha ukiwa unakimbia, si ukiwa umekaa. Usitegemee kwamba "kitazoea mguu". Ukishakipata, kianze kwa mbio fupi, hasa kama umezoea kwenda peku, kwa kuwa misuli ya vigimbi na kano ya kisigino huhitaji wiki kadhaa kuzoea badiliko. Maumivu yasiyopungua kwa kupumzika ni ya kupeleka hospitali, si ya kutibiwa kwa jozi nyingine.

Mwenye fedha ya jozi moja tu apange hivi: upana, uzima wa sponji, meno ya soli. Rangi na jina la kampuni vibaki kuwa hoja za kupatania bei.