Kufunga na Kusokotoa: Uteuzi wa Mafundo na Uzuiaji wa Msokoto katika Mshipi wa Kuvulia

1.0 Utangulizi

Gendabi ipo katika Wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, kati ya Mlima Hanang na Ziwa Balangida. Maji ya Balangida ni ya chumvi. Kwa sababu hiyo, mvuvi wa mshipi katika wilaya hii hutazama zaidi Ziwa Basotu, ambalo lina maji baridi, au huvuka mpaka wa wilaya kwenda Ziwa Babati. Wenyeji wengi wa eneo hili ni Wairaki na Wadatoga, ambao maisha yao yamejengwa zaidi juu ya kilimo na ufugaji. Istilahi za Kiswahili zinazohusu kazi hii, kama vile mshipi, ndoana, chambo na chubwi, zilikomaa kwanza katika uvuvi wa pwani. Ni rahisi basi kwa mtu kuyapata maneno hayo pamoja na vifaa vyake dukani bila kupata maarifa ya mkono yanayoambatana nayo.

Pengo hilo hudhihirika pale mshipi unapokatika. Samaki hutoroka na ndoana mdomoni, na lawama huelekezwa kwenye uzi: kwamba ni mbovu, au kwamba muuzaji amedanganya. Makala haya yanaeleza namna ya kuteua fundo na namna ya kuzuia msokoto. Hoja yake kuu ni kwamba hasara nyingi zinazohesabiwa kuwa kasoro za uzi hutokana na matendo mawili ya mvuvi mwenyewe: namna anavyofunga na namna anavyozonga.

2.0 Kauli ya Kutendua kama Mwongozo

Kiswahili kina kauli ya kutendua, ambayo huonyesha kuondolewa kwa tendo lililokwisha kufanyika: funga huzaa fungua, kunja huzaa kunjua, zonga huzaa zongoa, sokota huzaa sokotoa, na tata huzaa tatua. Ni muhimu kuzingatia kwamba kutendua si tendo lolote linalofuata la kwanza. Ni tendo lilelile likirudi kinyumenyume. Anayekunjua nguo hufuata mikunjo iliyopo. Anayeivuta ovyo hajaikunjua.

Mshipi wa kuvulia unahusu kauli hii kwa namna mbili zinazopingana. Fundo la ndoana huteuliwa ili lisifunguke, na katika nailoni nyembamba fundo lililokazwa halifunguliwi bali hukatwa. Msokoto, kinyume chake, hauna budi kusokotolewa, nao hausokotoki ila kwa njia uliyoingilia. Mvuvi anayechanganya kanuni hizi mbili hupata fundo linaloteleza na uzi unaojitatiza.

3.0 Uteuzi wa Fundo

Methali husema kamba hukatikia pembamba. Uzi wa nailoni, hata hivyo, una unene uleule tangu mwanzo hadi mwisho, na bado hukatika mahali pamoja mara kwa mara, yaani kwenye fundo au kando yake. Sababu ni kwamba ndani ya fundo uzi hupinda kwa ukali. Upande wa nje wa pindo hunyooshwa kupita kiasi, upande wa ndani hubanwa, na uzi mmoja huukandamiza mwingine. Fundo moja la kawaida, lile ambalo kila mtoto hulifunga, linaweza kuupunguzia uzi wa nailoni takribani nusu ya nguvu zake. Hivyo basi, fundo dogo linalojitokeza lenyewe katikati ya mshipi si jambo la kupuuzwa. Uzi ukatwe hapo na kuunganishwa upya.

Mafundo ni mengi mno. Clifford W. Ashley wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1944, aliorodhesha maingizo zaidi ya 3,800. Mvuvi wa mshipi wa mkono anahitaji machache tu, ilimradi ajue kila moja linafaa wapi.

La kwanza ni fundo la mizunguko. Ncha ya uzi hupitishwa katika tundu la ndoana, huzungushwa mara tano kuuzunguka uzi mkuu, hurudishwa katika kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, kisha hupitishwa katika kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Fundo hili hufaa kwa nailoni nyembamba isiyosukwa. Uzi ukiwa mnene, mizunguko mitatu au minne hutosha, kwa kuwa mingi zaidi haikazi vizuri. Katika uzi wa kusuka, ambao ni laini na unateleza, fundo hili huweza kuchomoka.

La pili ni fundo la uzi maradufu. Uzi hukunjwa sehemu mbili, kitanzi kinachopatikana hupitishwa katika tundu la ndoana, fundo la kawaida hufungwa kwa nyuzi zote mbili bila kukazwa, halafu ndoana yenyewe hupitishwa ndani ya kitanzi. Kwa kuwa uzi hulipita tundu mara mbili, mzigo hugawanyika. Fundo hili hufaa kwa nailoni na kwa uzi wa kusuka pia. Upungufu wake ni kwamba huhitaji tundu pana na hutumia uzi mwingi zaidi.

La tatu ni la ndoana zisizo na tundu, ambazo mwisho wake umepondwa ukawa bapa. Hapa uzi huzungushwa kwenye sehemu iliyonyooka ya ndoana, chini ya ubapa, na ncha yake hubanwa na mizunguko hiyo. Mvuto wa samaki hufuata mnyoofu wa ndoana.

Kwa kuunganisha nyuzi mbili zisizolingana unene, ncha zake hulazwa sambamba na kufungwa pamoja fundo la kawaida, lakini hupitishwa katika kitanzi mara mbili badala ya moja.

Kanuni moja inayahusu mafundo yote: fundo liloweshwe kabla ya kukazwa, kwa maji au kwa mate, kisha livutwe polepole. Nailoni kavu inapojisugua hupata joto, na joto hilo huidhoofisha palepale ambapo mzigo utaangukia. Aidha, fundo lijaribiwe kwa mkono nchi kavu. Fundo litakaloshindwa mbele ya mvuvi linagharimu urefu wa kiganja wa uzi. Litakaloshindwa majini linagharimu samaki, ndoana na chubwi.

4.0 Msokoto: Chanzo na Kinga

Mshipi wa mkono mara nyingi huzongwa kwenye chupa ya plastiki au kipande cha mti. Kuna njia mbili za kuuzonga. Katika njia ya kwanza, chupa hugeuzwa na uzi hujilaza juu yake bila kusokotwa. Katika njia ya pili, chupa hutulia na mkono huizunguka. Kila mzunguko huutia uzi msokoto mmoja. Vivyo hivyo katika kuutoa: chupa ikigeuka, uzi hutoka bila msokoto, uzi ukichomokea mwisho wa chupa iliyotulia, kila mzunguko hubadilisha msokoto kwa mmoja.

Tatizo huanza pale kuzongoa kunapokuwa si kinyume halisi cha kuzonga. Chukua chupa yenye mzingo wa sentimita 20 na mshipi wa mita 50. Mshipi huo utaizunguka chupa mara 250. Ukizongwa kwa kugeuza chupa na kutolewa kwa kuchomokea mwishoni, utaingia majini na misokoto 250. Siku ya pili huongezeka mingine kama hiyo, na siku ya tatu uzi hujikunja wenyewe mara unapolegea. Mkono uliozonga kwa kuizunguka chupa na kuutoa uzi kupitia upande uleule haukusanyi msokoto, kwa maana ulichotiwa ndicho kilichoondolewa. Anayezonga kwenye kibao kwa umbo la nambari nane naye yuko salama, kwani nusu ya kila mzunguko huifuta nusu nyingine.

Kanuni hii inahusu pia uzi mpya. Kigurudumu cha dukani kipitishiwe kijiti katikati ili kigeuke uzi unapotolewa, wala kisilazwe chini na kuchomolewa uzi kwa juu.

Chanzo kingine ni chambo. Katika kurambaza, yaani kukokota mshipi nyuma ya chombo, kipande cha samaki kilichochomwa mahali pawili au upandeupande huzunguka kama pia. Kichomwe mara moja, katikati ya ncha yake, kisha kitazamwe kando ya mtumbwi kabla ya kuachiwa. Kiungio cha kuzunguka, chenye vipete viwili vinavyogeuka kila kimoja peke yake, kikiwekwa juu ya ndoana hupunguza msokoto huo. Hata hivyo, hakiponyi uzi uliozongwa vibaya.

Kuutambua msokoto ni rahisi: sehemu ya uzi wenye urefu wa nusu mita ilegezwe kati ya mikono miwili. Ikijisokota yenyewe, mshipi haufai kutupwa majini. Ndoana na chubwi viondolewe, uzi mtupu uachiwe nyuma ya mtumbwi unaokwenda, nao utajisokotoa kwa dakika chache. Asiye na mtumbwi aufunge upande mmoja kwenye mti, apitishe kitambaa chenye unyevu kuelekea ncha iliyo huru, na kuiacha ncha hiyo izunguke.

5.0 Hitimisho

Fundo na msokoto hukutana mahali pamoja. Uzi uliosokotwa hujitatiza, mtatizo ukivutwa huwa fundo la kawaida, na fundo hilo ndilo linalopunguza nusu ya nguvu. Kwa hiyo, mvuvi anayefunga ndoana yake vizuri lakini anazonga ovyo bado hajauokoa mshipi wake. Hasara yake haiishii mfukoni, kwa kuwa nailoni iliyokatika haiozi upesi. Hubaki ziwani ikinasa samaki na ndege wa majini bila mwenyewe.

Maarifa haya hayahitaji kifaa cha gharama. Yanahitaji kufundishwa pamoja na maneno yanayoyabeba. Atakayemweleza kijana wa Hanang kwamba kuzongoa ni kuzonga kunakorudi nyuma atakuwa amemfundisha kazi na lugha kwa pamoja.